Ushirikiano wa Kompyuta Uwe wa Kisawasawa

Kisawasawa ni kijiji, na pia ni kata. Kiko kandokando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, ukishaipita Mang'ula na kabla ya kufika Kiberege. Lakini kila msema Kiswahili analijua neno hilo kwa maana yake nyingine: kazi ya kisawasawa ni kazi iliyofanywa barabara, na mgawanyo wa kisawasawa ni ule ambao hakuna aliyepunjwa. Tunalitumia neno hilo leo kwa sababu tunataka kuzungumzia jambo ambalo Bonde la Kilombero limelishiriki kwa karibu miaka thelathini, na ambalo wananchi wengi wa bonde hawajaelezwa vya kutosha. Jambo lenyewe ni sayansi ya kompyuta: wale wanaoifundisha, utafiti wanaoufanya, na ushirikiano wa mbali unaofanyika kwa njia ya mtandao.

Profesa wa kompyuta akitajwa, wengi wetu humfikiria mtu aliyejifungia chumbani na mashine zake. Fikra hiyo si sahihi. Profesa wa taaluma hii ana kazi zilezile za profesa yeyote, yaani kufundisha, kutafiti na kuuhudumia umma. Tofauti iko katika desturi ya kazi yenyewe. Programu ya kompyuta ni maandishi, na maandishi hayo yakiachwa wazi husomwa, hurekebishwa na huendelezwa na watu ambao mwandishi wa kwanza hajapata kuwaona. Mwanafunzi wa Marekani anaweza kuandika aya moja ya programu, Mghana akaisahihisha, na Mtanzania akaiongezea aya ya pili. Kwa hiyo suala la nani anashirikiana na nani, na kwa masharti gani, liko ndani kabisa ya taaluma hii. Kilombero imeliona suala hilo kwa macho yake.

Hesabu iliyoanzia vijijini

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ya utafiti mjini Ifakara. Hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mtaalamu wa wanyama na wadudu, na alivutiwa na maradhi yanayoenezwa na kupe, mbung'o na mbu. Maabara hiyo ilikua, na mwaka 1996 ikawa kituo cha Kitanzania chenye bodi yake. Tangu 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara.

Mwaka huohuo wa 1996 ilianza kazi kubwa ya kuandikisha wakazi wa vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kama wilaya hizo zilivyokuwa wakati huo. Wadadisi walikwenda nyumba kwa nyumba. Waliandika nani anaishi katika kila kaya, kisha wakarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Kwa wengi hiyo ilionekana kama sensa isiyokwisha. Wapo waliouliza kuna faida gani ya kuhesabiwa mara tatu kwa mwaka, na swali hilo lilikuwa la haki.

Jibu lilipatikana upesi. Wakati huo kulikuwa na mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa katika bonde, na chandarua chenyewe kiliitwa Zuia Mbu. Kila mtu aliamini kwamba chandarua ni kitu kizuri, lakini imani haitoshi kuishawishi Serikali au mfadhili atoe fedha. Kwa kuwa wakazi walikuwa wameandikishwa, iliwezekana kuwalinganisha watoto waliolala ndani ya chandarua na wale ambao hawakulala ndani yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Yalionyesha kuwa kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, vyandarua hivyo viliongeza uwezekano wa kunusurika kwa asilimia 27. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa Hati Punguzo, uliowawezesha akina mama wajawazito kununua chandarua kwa bei nafuu nchi nzima. Ushahidi wa Kilombero ulikuwa miongoni mwa misingi ya mpango huo. Mama wa Idete au Lupiro aliyejibu maswali ya mdadisi kibarazani pake alimsaidia mama wa Kigoma ambaye hatawahi kumjua.

Profesa na kanuni zake

Katika simulizi hiyo mtu mmoja husahauliwa mara kwa mara, naye ni yule aliyetengeneza daftari. Hebu tufikirie ugumu wa kazi yenyewe. Katika ziara ya kwanza mdadisi anaandika kwamba kaya fulani ina mama wa miaka 25 na watoto wawili. Miezi minne baadaye mama huyo hayupo. Je, amefariki, amehama, ameolewa kijiji cha pili, au yuko shambani ng'ambo ya mto akiamia mpunga? Na yule mama mwenye jina kama lake aliyeandikishwa juzi katika kijiji cha jirani, ni yeye au ni mwingine? Daftari la karatasi haliwezi kuuliza maswali hayo. Likijaa makosa hukaa kimya, na makosa yakizidi hesabu yote haifai kitu.

Aliyelishughulikia tatizo hilo ni Bruce MacLeod, aliyekuwa akifundisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Southern Maine, Marekani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 alishirikiana na James Phillips, mtaalamu wa elimu ya idadi ya watu katika shirika la Population Council, kutengeneza programu ya kuandikisha kaya. Programu hiyo ilitumika Navrongo, kaskazini mwa Ghana, na baadaye ikaletwa Ifakara na Rufiji.

Ubora wake ulikuwa katika kanuni. Programu ilikataa kupokea taarifa zinazopingana. Mtu hawezi kufariki kabla hajazaliwa. Mtu hawezi kuwa mkazi wa kaya mbili kwa siku moja. Aliyekwisha kuhama hawezi kuandikwa kuwa amejifungua katika kaya aliyoihama. Kila taarifa iliyovunja kanuni ilirudishwa, na mdadisi akalazimika kwenda tena kijijini kuuliza. Kanuni hizo ni za kweli Ghana, Tanzania na kwingineko kote, kwa hiyo ziliwekwa katika kiini cha programu ambacho wote walikitumia. Kandokando ya kiini hicho kila nchi iliruhusiwa kuongeza maswali yake yenyewe: Navrongo yao, Ifakara yao.

Tunawaomba wasomaji wetu walitafakari jambo hili, maana humo ndimo ilimo elimu ya ushirikiano. Profesa aliyeko Maine, nchi ya theluji, anaweza kuandika kanuni isemayo kuwa mtu hafi kabla ya kuzaliwa. Hawezi kujua kwamba mkulima wa Kilombero ana nyumba kijijini na kibanda shambani, na kwamba msimu wa kilimo ukifika jamaa nzima hufunga nyumba ikahamia shambani kwa wiki nyingi, watoto na vyungu pamoja. Jamaa hiyo haijahama. Programu ikiihesabu kuwa imehama, itakosea idadi ya watu, na itakosea pia kujua mtoto aliumwa na mbu wa wapi. Maarifa ya namna hiyo yanatoka kwa mdadisi, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mkulima mwenyewe. Bila hayo, hesabu ya profesa hupotea njia hata kama haina kosa lolote la kompyuta.

Kutoka karatasi hadi mtandao

Zama zilibadilika. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, profesa mwingine wa sayansi ya kompyuta, Gaetano Borriello, alianza pamoja na wanafunzi wake kutengeneza programu za kukusanya taarifa kwa simu ya mkononi badala ya karatasi. Mmoja wa wanafunzi hao, Yaw Anokwa, asili yake ni Ghana. Programu hizo, zijulikanazo kama Open Data Kit, zilitolewa huria: yeyote aliruhusiwa kuzichukua bila malipo, kuyasoma maandishi yake ya ndani na kuyarekebisha. Borriello alifariki mwaka 2015, lakini kazi haikufa pamoja naye, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuwa mali ya wengi.

Juu ya msingi huo MacLeod na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Basel, waliiandika upya ile programu ya kaya na kuiita OpenHDS. Nayo ilikuwa huria, na maandishi yake yaliwekwa mtandaoni ili waliotawanyika katika nchi mbalimbali waifanyie kazi pamoja. Ifakara ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoipokea. Mdadisi aliyekuwa akibeba rundo la madodoso sasa akabeba kishikwambi, na kosa ambalo zamani liligunduliwa baada ya wiki kadhaa likaonekana hapohapo, mwenye nyumba akiwa bado amekaa mbele yake.

Ulikuwapo pia ushirikiano wa aina nyingine, nao ni wa kushangaza zaidi. Wataalamu wa Basel waliunda kijiji cha kubuni ndani ya kompyuta. Watu wa kijiji hicho huzaliwa, huumwa na mbu, huugua, hupona au hufa, kwa kadiri ya takwimu zilizokusanywa katika vijiji vya kweli. Miongoni mwa vijiji hivyo vya kweli ni Namawala, katika bonde letu, ambako miaka ya 1990 mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mamia ya mara kwa mwaka. Kijiji cha kubuni kikishakamilika, mtafiti anaweza kuuliza: tukigawa vyandarua itakuwaje? Tukitoa chanjo itakuwaje? Lakini kila swali lilihitaji kijiji kiishi upya mara nyingi mno, na kompyuta za chuo kimoja hazikutosha.

Hapo ndipo wananchi wa kawaida walipoombwa msaada. David Anderson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa ametengeneza programu iitwayo BOINC, ambayo humwezesha mtu kuiazima sayansi kompyuta yake ya nyumbani wakati haitumiki. Kwa kuitumia programu hiyo, mradi wa malariacontrol.net ulioanza mwishoni mwa 2005 uligawa hesabu hizo vipande vipande na kuvituma kwa maelfu ya watu duniani, nao wakarudisha majibu. Mtu wa Ulaya aliiacha kompyuta yake ikiwaka usiku, nayo ikafanya hesabu ya malaria ambayo sehemu ya chimbuko lake ni mbu wa Namawala. Mradi huo ulifungwa mwaka 2016.

Bonde linalotoa

Mambo haya yote ni mema, nasi tunawashukuru walioyafanya. Lakini gazeti lisingekuwa linatimiza wajibu wake kama lingeishia katika shukrani. Lazima tuulize kama ushirikiano huo umekuwa wa kisawasawa.

Bonde letu limezoea kutoa. Maji ya milima hii huendesha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204 na ya Kihansi yenye megawati 180, na umeme wake huwasha taa za miji ya mbali. Sukari yetu huliwa nchi nzima, na mchele wa Kilombero ni sifa inayotangulia jina la muuzaji sokoni. Sasa bonde linatoa zao jingine, nalo ni takwimu. Tofauti ni kwamba gunia la mchele likiondoka Ifakara kila mtu hulijua, na bei yake hujadiliwa. Takwimu huondoka kimyakimya. Huko ziendako huzaa vitabu, shahada na programu, na mwenye nyumba aliyezitoa hajui zilikofika.

Ukizitazama kazi tulizozieleza utaona kwamba programu ya kuandikisha kaya iliandikwa Maine, ya kukusanya taarifa iliandikwa Seattle, na kijiji cha kubuni kiliundwa Basel. Ifakara ilitoa watu wa kuhesabiwa, watu wa kuhesabu, na kwa haki lazima tuseme, watafiti Watanzania wenye sifa kubwa katika tiba na elimu ya mbu. Kilichopungua ni Watanzania wenye uwezo wa kuifungua programu yenyewe, kuona ndani yake mna nini, na kuibadilisha pale isipotufaa.

Nchi yetu ilikwisha kuona hasara ya upungufu huo. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini kwa ajili ya hesabu za Serikali. Kazi ilitegemea mno wataalamu wa kutoka nje, hesabu zikavurugika, ikabidi kurudia njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo ni rahisi kuicheka amri ile. Sisi hatuicheki, kwa sababu walioitoa walikuwa wameona jambo la kweli: chombo usichokijua ndani yake kitakuamuru badala ya wewe kukiamuru. Walikosea dawa tu. Dawa haikuwa kukifukuza chombo; ilikuwa kuwafundisha watu.

Dalili njema

Kwa bahati njema mafunzo hayo yameanza kuzaa. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikisaidiana na wataalamu wa Uswidi, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Programu mama ilikuwa huria, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumwomba tajiri yeyote ruhusa ya kuifundisha kusema Kiswahili.

Mfano mkubwa zaidi uko katika kila zahanati. Wauguzi wetu wanavijua vitabu vya MTUHA, vinavyoandikwa wagonjwa, chanjo na kujifungua. Kwa miaka mingi hesabu za vitabu hivyo zilijumlishwa kwa mkono na kupelekwa wilayani, ambako zilichelewa, na nyingine hazikufika kabisa. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, wanaharakati wa afya wa nchi hiyo pamoja na Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo walianzisha kazi iliyozaa programu huria iitwayo DHIS2. Walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Honest Kimaro, waliichukua kazi hiyo, wakaifanya somo na utafiti wao, wakaifananisha na mahitaji ya Wizara ya Afya. Kufikia 2013 mfumo huo ulikuwa umefika mikoa yote ya Tanzania Bara. Hapo profesa wa Oslo na mwalimu wa Dar es Salaam walishika jembe kila mmoja kwa mpini wake. Huo ndio ushirikiano tunaoutaka.

Na Ifakara kwenyewe mambo hayakusimama. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha utafiti wa kupitisha mwanga usioonekana kwa macho katika mwili wa mbu, na kuifundisha kompyuta kutambua kwa mwanga huo aina ya mbu na umri wake. Umri una maana kubwa, kwa kuwa mbu kijana hajaishi muda wa kutosha kueneza malaria. Tunavyoona sisi, kijana wa bonde anayeweza kuifundisha kompyuta kumjua mbu wa bonde ana manufaa kuliko shehena nzima ya mashine za msaada.

Hoja za wanaosita

Wapo watakaosema kwamba tunaota. Watatukumbusha kwamba ziko shule ambako wanafunzi hawana madawati ya kutosha, na kwamba masika ikikolea baadhi ya njia za bonde hazipitiki. Watauliza kompyuta itakuja kufanya nini hapo. Hoja hiyo hatuidharau. Lakini tunajibu kwamba kompyuta ilikwisha kuja. Imo mkononi mwa mdadisi, imo hospitalini, imo katika simu ya mkulima anayeuliza bei ya mpunga. Kilichobaki ni kuamua kama tutaijua au tutaitazama. Tena elimu hii haianzii kwenye mashine. Zile kanuni za programu ya kaya zinaweza kufundishwa kwa chaki na ubao chini ya mwembe, kwa kuwa ni mafunzo ya kufikiri kwa utaratibu. Mtoto wa shule ya msingi ya Kisawasawa aulizwe: ukitaka kuandikisha watu wote wa kitongoji chako bila kumkosa mmoja wala kumhesabu mmoja mara mbili, utaweka kanuni gani? Atakayejibu vizuri ameanza kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Wapo pia watakaosema kwamba siri za watu zitatoka nje. Hoja hii ni nzito zaidi. Daftari linaloeleza nani amezaa, nani amefariki na kwa maradhi gani si la kuachwa wazi kama dari lililovuja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka msingi, na kila anayekusanya taarifa vijijini hana budi kuiheshimu. Hata hivyo, siri haihifadhiwi kwa kukosa wataalamu. Kinyume chake, kijiji kisicho na mtu anayeelewa taarifa zake zinavyohifadhiwa hakina njia ya kujua kama siri zake ziko salama.

Wito wetu

Kwa hiyo tunatoa wito kwa pande zote zinazohusika.

Kwanza, maprofesa na walimu wa kompyuta wa vyuo vyetu waingize matatizo ya vijijini madarasani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapahapa mkoani Morogoro na kinafundisha fani hizi. Mwanafunzi wake anayetafuta mada ya mradi wa mwisho wa masomo asiende kunakili mada ya ng'ambo. Aende Kiberege au Mngeta akaulize jinsi maji ya mto yanavyopimwa, jinsi mpunga unavyopotea baada ya mavuno, jinsi daftari la kijiji linavyotunzwa. Kisha kazi yake ifanywe huria, ili wa mwaka unaofuata aanzie pale alipoishia mwenzake. Programu nyingi za wanafunzi huzikwa kabatini pamoja na cheti cha mwenyewe, na hiyo ni hasara isiyo na sababu.

Pili, taasisi za utafiti zinazofanya mikataba na vyuo vya nje ziweke sharti kwamba pamoja na kila takwimu inayoondoka bondeni afundishwe Mtanzania wa kuandika na kurekebisha programu inayozichambua. Tumeona kwamba miradi hufungwa. Malariacontrol.net ilifungwa, na miradi mingine itafungwa kwa wakati wake. Mfadhili akiondoka, kinachobaki ni kile kilichomo vichwani mwa watu wetu.

Tatu, majibu yarudishwe kwenye mikutano ya vijiji. Kijiji kilichojibu maswali kwa miaka mingi kina haki ya kuambiwa kwa Kiswahili chepesi kilichogunduliwa kutokana na majibu yake. Mkutano mmoja kwa mwaka, penye mwenyekiti, mtendaji na mtafiti, hauwezi kuvunja bajeti ya mradi wowote. Mwananchi akijua kwamba hesabu yake iliokoa watoto, atamfungulia mdadisi mlango kwa moyo, na taarifa zitakuwa za kweli zaidi.

Nne, wazazi na walimu wa bonde wasiwakatishe tamaa vijana, hasa wasichana, wanaoipenda hisabati. Kazi hii haihitaji misuli wala jina la ukoo. Inahitaji subira, ukweli na kukubali kusahihishwa na mwenzako.

Tunapenda kumaliza kwa kuwaambia maprofesa wa kompyuta, wetu na wa ng'ambo, kwamba Kilombero haifungi mlango. Imewapokea wageni tangu 1957 na itaendelea kuwapokea. Inachoomba ni kukaa nao meza moja, kila upande ukiwa na kalamu mkononi, ili hesabu ya bonde iandikwe na watu wa bonde pia. Vijana wanaoweza kuishika kalamu hiyo wako shuleni hivi sasa, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, nao hawahitaji kusubiri mradi mwingine ili waanze kufundishwa.